Tarehe ya ndani haishikwi: kutafuta kasoro katika ratiba ya maandiko ya ruzuku za utafiti

Mfadhili anafunga dirisha Jumanne saa 12 jioni. Saa 5 asubuhi ya siku hiyo hiyo bajeti ndiyo kwanza inaingia afisi ya utafiti, barua ya ahadi haina saini, na nenosiri la mfumo analo afisa aliyeko likizo Wete. Watu wanakimbizana, andiko linaingia saa 11:52, kila mmoja anashusha pumzi. Mara nyengine haliingii.

Likitokea mara moja, ni bahati mbaya. Likijirudia kila wito (tangazo la mfadhili la kuomba ruzuku) unapotangazwa, kasoro iko kwenye ratiba, na hutafutwa kama fundi anavyotafuta hitilafu ya mashine ya boti: haanzi kubadilisha vifaa, anafuata njia ya mafuta mpaka afike pahala palipoziba. Mwongozo huu ni wa afisi za utafiti, waratibu wa skuli na watafiti wakuu katika vyuo vya Unguja na Pemba. Msingi wake ni huu: tarehe ya ndani, yaani ile chuo kinayojiwekea kabla ya mwisho wa mfadhili, hupangwa kwa kufuata waraka ulio mikononi mwa mtu mwengine, si kwa kufuata kasi ya anayeandika.

Dalili: andiko limekataliwa kwa kuchelewa, na mtafiti anaapa muda ulikuwa haujafika

Anza kwa saa. Kwetu sisi hapa ndipo kosa linapojificha zaidi, kwa sababu tunasoma tangazo lililoandikwa kwa saa ya kizungu, tunalitamka kwa saa ya Kiswahili, na baina ya hizo mbili kuna tofauti ya saa 6. Tangazo linasema 5:00 jioni ya kwao. Mtu analiandika kwenye ubao kuwa "saa 5", mwengine anasoma saa 5 usiku. Hiyo 17:00 kwa saa ya Kiswahili ni saa 11 jioni. Saa 6 zimeshapotea kabla mtu hajafungua kompyuta.

Sababu ya pili ni kutojua saa hiyo ni ya mji gani. Wafadhili hawafanani:

- Umoja wa Ulaya, katika programu yake ya utafiti ya Horizon Europe, kwa kawaida hufunga saa 17:00 ya Brussels. Majira ya baridi ya Ulaya hiyo ni saa 1 usiku Zanzibar. Majira ya joto ni saa 12 jioni.
- UKRI, taasisi ya Uingereza inayofadhili utafiti, hufunga saa 16:00 ya kwao. Kwetu ni vile vile: saa 1 usiku wakati wa baridi, saa 12 jioni wakati wa joto.
- NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, hufunga saa 17:00 kwa saa ya pahala ilipo taasisi inayoomba. Chuo cha Zanzibar kikiwa ndicho mwombaji, mwisho ni saa 11 jioni ya hapa hapa. Anayedhani ni saa ya Washington anajiona ana muda mpaka saa 6 au saa 7 usiku, na anakuta dirisha limefungwa zamani.

Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi. Wito unaofungwa mwanzoni mwa Aprili, uliotangazwa Januari, utakuwa umepigiwa hesabu mbili tofauti kama aliyeandika kalenda alitumia saa ya siku aliyosoma tangazo.

Ya tatu ni ya lugha. Wazee wetu huhesabu siku kuanzia magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa wengi hapa ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alkhamisi baada ya jua kuzama. Kijana aliyesoma bara au anayefuata kalenda ya simu ataelewa ni Ijumaa yenyewe usiku. Wote wawili wako sahihi, na andiko linachelewa. Usiandike neno "usiku wa" kwenye tangazo lolote la tarehe ya mwisho.

Dawa ni mstari mmoja, unaoandikwa hivyo hivyo kila pahala, kwenye barua pepe, kwenye ubao na kwenye kundi la WhatsApp la skuli:

*Mwisho wa mfadhili: Jumanne, 14 Aprili 2026, saa 12:00 jioni (18:00), saa za Zanzibar.*

Jina la siku na tarehe zote mbili ziwepo, kwa sababu mtu akikosea moja, ya pili inamkamata. Saa iandikwe kwa namna zote mbili kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye kuandika mstari huu awe mmoja, na wengine wanakili tu.

Dalili: siku 5 za kazi zilitolewa, lakini zilipofika zilikuwa 2

Hapa ratiba imehesabiwa kwa siku za kalenda, au imehesabiwa kwa siku za kazi bila kutazama sikukuu. Chukua tarehe hiyo hiyo ya 14 Aprili 2026 na urudi nyuma kwa kidole kwenye kalenda. Jumatatu ya tarehe 13 ni siku ya kwanza. Ijumaa tarehe 10 ya pili, Alkhamisi tarehe 9 ya tatu, Jumatano tarehe 8 ya nne. Sasa simama: tarehe 7 ni Siku ya Karume, tarehe 6 ni Jumatatu ya Pasaka, tarehe 3 ni Ijumaa Kuu, na katikati mna Jumamosi na Jumapili. Siku ya tano ya kazi ni Alkhamisi, tarehe 2 Aprili. Siku 5 za kazi zimekula siku 12 za kalenda.

Endelea mpaka siku 10 za kazi: unaangukia 26 Machi. Siku ya 15 inaangukia 18 au 19 Machi, kutegemea Idi imekuwa lini, kwani mwezi ukiandama Alkhamisi usiku au Ijumaa usiku ndiyo tofauti ya siku moja. Na hizo ni siku za mwisho za Ramadhani, saa za kazi zimepunguzwa na watu wako kwenye kumi la mwisho. Aliyepanga bajeti iidhinishwe wakati huo amepanga kitu kisichokuwepo.

Kwa hiyo hesabu hufanywa hivi. Anza na tarehe ya mfadhili. Futa sikukuu zote za taifa, pamoja na 12 Januari kama wito unafungwa mwanzo wa mwaka. Futa siku mbili za kila Idi, na weka siku moja ya akiba upande wa mbele kwa ajili ya mwezi. Ijumaa baada ya saa 6 mchana usiitegemee saini. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, hivyo ratiba ya mwaka jana haifai kunakiliwa. Kisha tazama wiki za mitihani, maana ndizo wiki ambazo mkuu wa skuli hana hata dakika 10 za kusoma muhtasari.

Ukimaliza, tangaza tarehe, usitangaze idadi ya siku. Ukimwambia mtu "siku 10 za kazi kabla", kila mmoja atahesabu kwa kidole chake. Ukimwambia "Alkhamisi, 26 Machi, saa 8 mchana", hapana mjadala.

Dalili: maandiko yote yanamiminika siku ya mwisho ya ndani

Chuo kina tarehe, inajulikana, na watu wanaifuata, lakini siku hiyo afisi inapokea kila kitu kwa pamoja: sayansi, bajeti, wasifu wa watafiti, barua. Mkaguzi mmoja hawezi kupitia maandiko manne kwa siku mbili. Anapitia juu juu, kosa linapita.

Sababu ni tarehe moja kubeba kazi nyingi. Mtafiti anaposhika tarehe moja, huandika sayansi mpaka dakika ya mwisho kwa sababu ndiyo anayoipenda, na bajeti huifanya usiku wa mwisho. Mpangilio huo umegeuka chini juu. Sayansi ndiyo inayoweza kusubiri, kwa vile inamtegemea yeye mwenyewe tu. Bajeti na barua zinapita mikono ya watu watano.

Gawa tarehe kama ifuatavyo, kwa wito wa kawaida uliotangazwa miezi miwili au zaidi kabla:

1. Wiki 6 mpaka 8 kabla: taarifa ya kusudio. Nusu ukurasa, si zaidi. Mfadhili na kiungo cha wito, jina la mtafiti mkuu, chuo ni kiongozi au mshirika, kiasi cha fedha na sarafu yake, kama chuo kinatakiwa kuchangia chochote, kama kuna binadamu, wanyama au sampuli zitakazosafirishwa nje.
2. Wiki hiyo hiyo: usajili wa taasisi kwenye mfumo wa mfadhili unakaguliwa (tazama chini).
3. Siku 10 za kazi kabla: bajeti kamili na maelezo yake kwa mhasibu wa utafiti.
4. Siku 7 za kazi kabla: bajeti imerudi ikiwa safi, barua zinapelekwa kusainiwa.
5. Siku 5 za kazi kabla: nyaraka zote za kiutawala zimekamilika, pamoja na muhtasari wa andiko.
6. Siku 2 za kazi kabla: matini ya sayansi imefungwa, hakuna anayeigusa isipokuwa kusahihisha maendelezo.
7. Saa 24 kabla: andiko limeshatumwa.

Mtafiti ana siku 8 za ziada za kunoa hoja yake baada ya bajeti kutoka mkononi mwake. Mwambie hivyo waziwazi. Watu wengi hupinga tarehe za ndani kwa kuogopa kunyang'anywa muda wa kufikiri, na mpangilio huu unawarudishia.

Wito ukitangazwa wiki 3 tu kabla, hatua ya 1 na ya 2 zifanywe ndani ya saa 48, na hatua ya 3 isogee mpaka siku 7 za kazi. Hatua ya 4 ikae siku 5, ya 5 ikae siku 3. Mbili za mwisho hazisogei kabisa.

Dalili: mshirika wa nje anasema mmechelewa, na mfadhili bado ana wiki mbili

Hii inavikumba vyuo vyetu mara nyingi kwa sababu katika miradi mingi ya mazingira ya bahari, kichocho au mwani, sisi ni washirika na kiongozi yuko Copenhagen, Dar es Salaam au Cape Town. Chuo kikiwa mshirika, tarehe yake ya mwisho si ya mfadhili. Ni tarehe ya ndani ya chuo kinachoongoza, na mara nyingi kile nacho kinataka bajeti za washirika kabla ya tarehe yake ya ndani, ili kiziunganishe.

Kwa hiyo tarehe yako ya bajeti inaweza kuwa wiki 4 kabla ya siku ya mfadhili, si mbili. Mtafiti aliyealikwa na mwenzake kwa barua pepe huwa hajui, kwa sababu mwenzake huyo ni mwanasayansi na yeye pia hajaulizwa na afisi yake.

Dawa: siku mtafiti anapoleta taarifa ya kusudio akiwa mshirika, afisi ya utafiti ya hapa iiandikie afisi ya utafiti ya kule moja kwa moja, bila kupitia kwa wanasayansi. Uliza mambo manne tu: mnataka bajeti yetu lini, kwa fomu gani na sarafu gani, mnataka barua ya aina gani na isainiwe na nani, na je, mnahitaji namba ya usajili ya taasisi yetu. Jibu likija, tarehe ya kule ndiyo inayoandikwa kwenye ule mstari mmoja, na hesabu ya kurudi nyuma inaanzia hapo.

Kama chuo chako ndicho kiongozi, mambo yanageuka: washirika wako wanakungojea wewe. Wape tarehe yao mapema, iwe siku 5 za kazi kabla ya bajeti yako kwenda kwa mhasibu. Mshirika aliye taasisi ya serikali naye ana masijala yake na dokezo lake la kupanda na kushuka.

Dalili: barua iko mezani kwa mkubwa tangu wiki iliyopita

Usikimbilie kulaumu meza. Fuatilia barua yenyewe ilivyotembea, pahala kwa pahala. Mara nyingi utakuta mojawapo ya haya.

Barua imefika bila maelezo. Makamu Mkuu wa Chuo au naibu wake ametakiwa kusaini ahadi ya taasisi, na hakuna pahala palipoandikwa chuo kinaahidi nini: gari, maabara, asilimia 20 ya muda wa mhadhiri, au fedha taslimu. Mtu makini hasaini hivyo, anaiweka kando mpaka aulize. Ambatanisha dokezo la ukurasa mmoja lenye mistari hii: jina la mradi, mfadhili, jumla ya fedha na sehemu ya chuo, muda wa mradi, chuo kinaahidi nini hasa, nani ameshapitia bajeti na tarehe gani, saini inahitajika kabla ya siku gani na saa ngapi. Mstari wa "chuo kinaahidi nini" ukiwa ni "hakuna mchango wa fedha", uandike hivyo hivyo. Ndio mstari unaosomwa kwanza.

Mwenye saini amesafiri na hakuna aliyeachiwa. Kaimu yupo kwa mambo ya kila siku, lakini hajaandikiwa mamlaka ya kusaini barua za wafadhili, na yeye anaogopa. Tiba yake si ya siku ile: omba mwanzoni mwa mwaka wa masomo waraka unaotaja vyeo viwili au vitatu vyenye mamlaka ya kusaini maandiko ya ruzuku, na mpaka wa kiasi kwa kila mmoja.

Mtafiti yuko Pemba na saini iko Unguja. Andiko linangoja mtu wa kulibeba kwenye boti au ndege. Wafadhili wengi wanapokea barua iliyosainiwa, ikapigwa muhuri na kuchanganuliwa kuwa PDF, asilia hawaitaki. Soma masharti ya wito, na kama yanaruhusu, barua iandaliwe na isainiwe huko huko iliko saini, mtafiti apelekewe nakala. Karatasi isisafiri bila sababu.

Barua imesainiwa na ina kosa. Jina la mradi halifanani na la kwenye mfumo, au tarehe ni ya wito uliopita. Inarudi mwanzo wa foleni. Kabla ya kwenda kwenye saini, mtu asiyeiandika aisome kwa sauti huku mwengine ametazama ukurasa wa wito.

Dalili: bajeti inarudi mara tatu

Ikirudi mara moja ni kawaida. Ikirudi mara tatu, mtafiti hakupewa viwango kabla hajaanza. Mhasibu anavijua kichwani: posho ya kulala kisiwani na nje ya kisiwa, kiwango cha mshahara kwa mwezi, bei ya kukodi boti kwa siku, kodi. Mtafiti anakisia. Kila kisio likisahihishwa, jumla inabadilika, maelezo hayafanani tena na majedwali. Afisi itoe karatasi moja ya viwango, irekebishwe kila Julai mwaka wa fedha unapoanza, na iwe na tarehe juu yake.

Kosa la pili ni gharama zisizo za moja kwa moja, kama za utawala, afisi na umeme. Horizon Europe, kwa mfano, hutoa kiwango kimoja cha asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja, lakini kazi zinazopewa wakandarasi haziingii kwenye hesabu hiyo. Mradi wenye gharama za moja kwa moja za euro 200,000, ambazo 20,000 kati yake ni za mkandarasi, haupati 50,000. Unachukua 25 kwa mia ya 180,000, unapata 45,000, na jumla inakuwa 245,000. Mtu akiacha 50,000, tofauti ya 5,000 itatokea kwenye kila ukurasa, na marekebisho yatakula siku nzima.

La tatu ni sarafu. Bajeti imepigwa kwa shilingi, ikageuzwa dola, ikageuzwa euro, kila mara kwa kiwango cha siku tofauti. Chagua kiwango kimoja cha siku moja, kiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa jedwali, na seli zote zisome kutoka hapo.

Na kuna vitu vinavyosahaulika hapa kwetu: ada za vibali vya utafiti, nauli ya kwenda na kurudi Pemba kwa watu wote wa timu na si mmoja, mafuta ya jenereta, na muda wa mhasibu mwenyewe.

Dalili: mfumo unakataa kumtambua mwombaji

Hili halina dawa ya siku ya mwisho, ndiyo maana limewekwa wiki 6 kabla. Kwa NIH, taasisi iliyo nje ya Marekani inahitaji namba ya utambulisho ya NCAGE kwanza, kisha usajili wa SAM.gov, mfumo wa serikali ya Marekani unaotoa namba ya UEI ya taasisi, kisha Grants.gov, tovuti ya kupeleka maombi, na eRA Commons, mfumo wa NIH wenyewe. Moja inangoja nyengine. UEI ilichukua nafasi ya namba ya zamani, DUNS, Aprili 2022, kwa hiyo fomu ya zamani yenye DUNS ni ishara kuwa hakuna aliyeigusa muda mrefu. Usajili wa SAM.gov unahitaji kuhuishwa kila mwaka, na ukilala, andiko halipiti. Mtafiti mkuu naye awe na akaunti yake ya eRA Commons iliyounganishwa na chuo. Kwa Umoja wa Ulaya, kinachotakiwa ni PIC, namba ya utambulisho ya taasisi. Hakikisha mnatumia ile moja, maana mtafiti mwenye haraka husajili mpya na chuo kikajikuta na mbili.

Kosa la jina ni la mara kwa mara. Chuo kimeandikwa kwa Kiswahili kwenye sheria yake, kwa Kiingereza kwenye benki, na kwa kifupisho kwenye mfumo. Mifumo inalinganisha herufi kwa herufi. Andika jina rasmi la Kiingereza, anwani na jina la akaunti ya benki kwenye karatasi moja, na kila usajili unakili kutoka hapo.

Nenosiri lisiwe la mtu. Akaunti ya taasisi ifunguliwe kwa barua pepe ya afisi, wasimamizi wawe wawili, na simu inayopokea namba za uthibitisho ijulikane iko droo ipi.

Dalili: umeme au mtandao umekatika mchana wa kutuma

Kisiwa chetu kinakula umeme wa waya unaopita chini ya bahari. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kiasi cha mwezi, na kuanzia Disemba 2009 miezi mitatu. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja na Tanzania nzima ikasota. Hakuna mfadhili anayelazimika kukuongezea muda kwa sababu hiyo.

Mfumo wa Umoja wa Ulaya unaruhusu kutuma na kutuma tena mpaka dirisha lifungwe, na toleo la mwisho ndilo linalohesabiwa. Basi siku 2 kabla tuma toleo lililokamilika nusu, kisha ulibadilishe. Likitokea la kutokea, kuna kitu ndani. Kwa NIH tuma angalau siku 2 za kazi mapema, kwa sababu mfumo unakupa siku 2 za kazi kulitazama andiko lilivyotoka, na kosa likionekana baada ya dirisha kufungwa halirekebishiki. Kwenye meza ya kutuma ziwepo laini za mitandao miwili tofauti, betri ya akiba iliyochajiwa, na nakala ya faili zote kwenye flashi.

Dalili: tarehe ipo, na kila wito kuna "dharura ya pekee"

Hapa hakuna fundi wa kalenda anayeweza kusaidia. Tarehe inavunjwa kwa sababu anayeivunja hapotezi kitu, na anayeishika anasukumwa nyuma kwenye foleni na mwenye dharura. Profesa mkubwa akipenyezwa mara mbili, wahadhiri wasaidizi wameshajifunza.

Andikeni mapema kinachotokea kwa kila kiwango cha kuchelewa, na kisainiwe na uongozi wa chuo, si na afisi ya utafiti:

Nyaraka zikifika siku 5 za kazi au zaidi kabla, zinapata ukaguzi kamili: bajeti, masharti ya wito, kurasa, barua, viambatanisho. Zikifika siku 2 mpaka 4 kabla, zinakaguliwa bajeti na ahadi za chuo tu, na mtafiti mkuu pamoja na mkuu wa skuli wanasaini kuwa wanajua kosa la umbo likiliangusha andiko ni lao. Chini ya siku 2, chuo hakisaini. Msamaha utolewe na mtu mmoja tu mwenye cheo kinachotajwa, kwa maandishi, na sababu iwe moja kati ya tatu: wito wenyewe ulitangazwa ukiwa na muda mfupi, ugonjwa au msiba, au mshirika kiongozi amebadilisha masharti. "Nilikuwa na mitihani" haimo, kwa sababu ratiba ya mitihani ilijulikana.

Nayo afisi iwe na ahadi yake. Kila waraka unaoingia ujibiwe ndani ya siku 2 za kazi, hata kama jibu ni "tumeupata, tunaupitia kesho". Afisi inayokaa na bajeti wiki nzima bila neno haina haki ya kumrudishia mtu andiko kwa kuchelewa siku moja. Watafiti wanaliona hili haraka sana, na ndilo linalovunja imani kuliko jengine lolote.

Baada ya kutuma

Pakua andiko kutoka kwenye mfumo, si lile lililoko kwenye kompyuta yako, ulifungue na uhesabu kurasa. Kwenye Horizon Europe kurasa zinazozidi kikomo hazionekani kwa wakaguzi, na aya ya mwisho ya mpango wa kazi inaweza kuwa ndiyo iliyopotea. Hifadhi stakabadhi ya mfumo yenye tarehe na saa, pamoja na picha ya skrini.

Kisha fungua daftari, au jedwali la Excel, lenye safu sita: jina la wito, tarehe ya ndani ya kila waraka, tarehe uliyofika kweli, siku ulizokaa mezani, meza ipi, na sababu. Lijazwe wiki hiyo hiyo kabla watu hawajasahau. Baada ya wito wa tatu au wa nne, tazama safu ya tano. Meza inayojirudia ndiyo ya kuongezewa mtu, kupewa kaimu, au kusogezewa tarehe yake iwe siku 3 mapema zaidi.